Neno Nililoongeza

Mwezi uliopita nilipata ujumbe kwenye simu kutoka kwa mwanamke nisiyemfahamu. Alijitambulisha kuwa binti wa Bwana Sarath. Akasema baba yake amefariki nyumbani kwao Sri Lanka, kwa utulivu, akiwa mzee, na kwamba kati ya vitu vyake wamekuta picha ya wanawake waliokaa sakafuni na nyavu mapajani. Nyuma ya picha kumeandikwa jina langu na jina la mji wa Mwanza. Aliuliza jambo moja tu: baba yake alikuwa mtu wa namna gani kazini? Nilimjibu kwa mistari mitatu ya rambirambi, kisha nikaona aibu, kwa sababu mistari ile ingeweza kuandikwa juu ya mtu yeyote mwema. Basi nimekaa kuandika habari za mwaka mmoja, ule wa kwanza kati ya minne aliyokaa nasi. Habari za nilikozaliwa na za wazazi wangu naziacha, hazihusiki. Yatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na minne, Mkerewe niliyevuka ziwa kutafuta kazi, nina cheti cha kidato cha nne, kamusi moja iliyokwisha kutoka jalada, na Kiingereza nilichojifunza peke yangu kwa kutafsiri maelekezo ya dawa na maandishi ya kwenye makopo.

Kiwanda chetu kilikuwa Igogo, kwenye mteremko unaoshuka ziwani, na kilitengeneza nyavu. Mashine zilisuka usiku na mchana katika jengo la chini, na nyavu zikitoka huko zilipandishwa kwenye chumba cha kumalizia, ambako mimi, Leticia, au Leti kwa wenzangu, nilikuwa karani. Nakikumbuka chumba hicho kuliko nyumba yoyote niliyowahi kupanga. Kilikuwa kirefu, chenye madirisha upande mmoja, na chini ya madirisha wanawake hamsini walikaa kwenye mikeka, miguu wameinyoosha mbele. Kila mmoja alitundika wavu wake kwenye ndoano ya ukutani na kuupitisha mikononi, akitafuta jicho lililokatika au fundo lililolegea, akilipata analiziba kwa uzi na sindano bapa ya plastiki. Hakuna mashine iliyoweza kazi hiyo. Mwanamke mgeni alihitaji nusu mwaka ili vidole vyake vione kasoro kabla ya macho, na kabla ya hapo nyavu alizozipitisha zilirudishwa na wavuvi kwa matusi. Kwa hiyo mwanamke aliyeondoka hakuwa mmoja. Alikuwa yeye pamoja na nusu mwaka wa yule atakayekalia mkeka wake.

Kazi ile inashughulisha mikono na macho, inaacha mdomo bure, na midomo hamsini haikai bure. Asubuhi yalikuwa mazungumzo ya watoto na wagonjwa. Saa sita walifungua vyombo vyao, ugali wa muhogo na dagaa, mara nyingine sato aliyekaushwa, na harufu ya chakula ilifunika harufu ya nailoni. Mchana, usingizi ulipoanza kuwanyemelea, ulikuja utani. Waliouongoza walikuwa wawili, waliokaa mikeka ya jirani kwa miaka tisa. Wa kwanza ni Mama Kulwa, Msukuma wa upande wa Kisesa, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini, fundi kuliko wote. Wa pili ni Bi Mwantumu, Mzaramo aliyekuja Mwanza akimfuata mume wake wa reli, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Wazaramo na Wasukuma ni watani, hilo kila mtu analijua, na wao hawakuacha siku ipite bila kulitumia.

"Msukuma wewe," Bi Mwantumu alikuwa akianza, "huo ni uzi, siyo mkia wa ng'ombe. Vuta polepole."

"Mzaramo anajua nini habari ya kuvuta? Kwenu wanavuta mkeka tu, walale."

"Babu zako walifika kwetu na mizigo ya watu kichwani, ulimi nje. Tukawapa maji. Leo mjukuu ananiita mvivu!"

"Maji yenyewe ya chumvi! Ndiyo maana babu hakurudi tena. Leti, andika kwenye kalatasi yako, huyu leo hajaziba hata jicho moja."

"Karatasi, mama. Ka-ra-ta-si. Miaka tisa nakufundisha!"

Chumba kizima kilicheka, na mikono ilikimbia. Sikuwa na akili ya kuliona hilo wakati ule. Niliandika marobota ya nyavu yaliyokamilika kila saa, na saa ya utani ndiyo iliyokuwa na marobota mengi zaidi, lakini niliona tarakimu bila kuona sababu.

Pamoja na hayo watu walikuwa wakiondoka, na chanzo kilikuwa mdomo mwingine. Msimamizi wetu, Bwana Deo, alikuwa mchapakazi na mwoga, na woga wake ulitoka kama kelele. Mwanamke akikosea alimwita mbele ya wote akauinua wavu wake juu: "Tazameni kazi ya mtu aliyelala na macho wazi!" Tena alikuwa na tabia ya kumwendea mmoja na kumnong'oneza kwamba mwenzake amemsema. Mwanamke mwenye nafasi ya kuuza nyanya sokoni hakuvumilia hayo muda mrefu. Wakubwa walipochoka kufundisha watu wapya, wakamleta Bwana Sarath kuwa meneja wa uzalishaji.

Alikuwa na miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye nywele zilizoanza mvi na shati lililopigwa pasi sana. Wiki mbili za kwanza hakukaa ofisini. Alikuja juu, akavua viatu mlangoni, akakaa sakafuni kando ya Mama Kulwa na kumwomba kwa ishara amfundishe kuziba jicho. Saa sita alikula nao, na walipoona anakula kwa mkono, tena kwa ustadi, wakamkubali. Siku ya mwezi mpevu alikuja amevaa nguo nyeupe na baada ya saa sita mchana hakula kitu mpaka kesho yake. Bi Mwantumu, ambaye hakuwahi kuacha kufunga Ramadhani, alitangaza kwamba mtu huyu ana adabu, hata kama hajui anamfungia nani. Neno la kwanza la Kiswahili alilolishika lilikuwa "subiri". Ukimwuliza jambo alisema "subiri", akakunja mikono, akatazama ziwa kupitia dirishani, na jibu lilikuja baada ya kimya ambacho mgeni angedhani ni uziwi. Wanawake wakamwita Bwana Subiri. Alipoambiwa maana ya jina lake alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi.

Siku moja Bwana Deo aliinua wavu wa Bi Mwantumu juu na kumwambia kwamba vidole vyake vimeota kutu. Hilo halikuwa utani. Bwana Deo hakuwa Msukuma wala hakucheka, na Bi Mwantumu aliinamisha uso. Bwana Sarath alikuwa mlangoni. Alimwita Bwana Deo ofisini, akaniita na mimi nitafsiri, akatumiminia chai kavu kwa mkono wake, akamwuliza: "Ulichosema kilikuwa kweli?" Bwana Deo akasema ndiyo, wavu ulikuwa na matundu manne. "Vizuri. Ulikuwa wakati wake? Ulisema kwa upole? Kilimfaa yeye uliyemwambia? Na moyoni mwako ulikuwa unamtakia nini?" Bwana Deo alizungusha kikombe chake, akasema kwa Kiswahili, kama anayezungumza na mimi tu, "Nilikuwa naogopa robota litarudishwa, nitafukuzwa." Nilipotafsiri, Bwana Sarath alisema, "Basi ungemwambia hilo. Hilo lilikuwa kweli zaidi." Akaeleza kwamba hayo maswali matano si yake, ni mafundisho ya kale ya dini yao, ya Kibudha, na kwamba mama yake alimfundisha kuyauliza kabla ya kufungua mdomo, ndiyo maana anachelewa kujibu. Wengine, alisema, wanahesabu pumzi. Yeye anahesabu maswali.

Miaka mingi baadaye nilikabidhiwa watu wa kuwaongoza mwenyewe, nikatafuta vitabu vinavyoeleza mambo hayo na kuvisoma kwa utaratibu, kalamu mkononi. Sikukuta ndani yake kitu ambacho sikukiona siku ile katika uso wa Bwana Deo. Mtu aliyeonywa kwa namna ile hana wa kumchukia, kwa hiyo inambidi abadilike. Na alibadilika kweli. Aliacha kunong'ona, akaanza kwenda mwenyewe kwenye mkeka wa mtu, akichuchumaa, na kumwonyesha tundu kwa kidole.

Bwana Sarath alipoona hivyo alitaka jambo lile liandikwe. Nakumbuka ofisi yake ndogo yenye kabati la chuma, na wadudu wa ziwani waliokufa wakiwa wamejaa kwenye kizingiti cha dirisha, maana ilikuwa majira yao. Alisimama akisema polepole kwa Kiingereza, nami nikaandika. Viongozi wa chumba, alisema, watajiepusha na aina nne za maneno. La kwanza uongo. La pili maneno ya kugombanisha watu. La tatu maneno makali. La nne lilinishinda. Alimaanisha maneno ya ovyo, yasiyo na maana wala faida, ya kupoteza muda wa mwenye kusikia. Niliomba ruhusa nikatazame kwenye kamusi yangu. Kamusi ilinipa maneno matatu kwa neno lake moja: porojo, mzaha, utani. Mtu mwingine angechagua. Mimi nilikuwa msichana aliyejifunza peke yake, na mtu wa namna hiyo huogopa kuacha kitu. Nikayaandika yote matatu. Isitoshe, pale aliposema "viongozi wa chumba" niliandika "wote wa chumba hiki", kwa sababu niliona ni haki zaidi sheria iwe ya wote. Nikaichapa kwa herufi kubwa, Bwana Sarath akaitazama kwa heshima asiweze kusoma hata neno moja, ikabandikwa ukutani. Nambari nne ilisomeka: NI MARUFUKU POROJO, MZAHA NA UTANI.

Nilijivunia karatasi ile. Ilikuwa tafsiri yangu ya kwanza kutundikwa mahali.

Bwana Deo, ambaye sasa alikuwa na ari ya mtu aliyeokoka, aliisimamia bila ukali wowote, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Hakupiga kelele. Bi Mwantumu akianza tu, "Msukuma wewe," yeye aliinua kidole na kusema kwa sauti tamu, "Nambari nne, dada." Mama Kulwa akifungua mdomo kujibu, "Nambari nne, mama." Baada ya wiki mbili waliacha kujaribu. Baada ya mwezi chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba ulisikia uzi ukipita kwenye jicho. Wageni walioletwa kutembezwa walisifu nidhamu. Mimi nilisifu pia. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyegombanishwa na mwenzake, na kwa kila kipimo cha karatasi ile tulikuwa watu wema. Bwana Sarath peke yake hakufurahi. Alikuja, akavua viatu, akakaa, akasikiliza kile kimya, akaniuliza, "Leticia, kuna mtu mgonjwa?" Nikamwambia hapana, wanafuata mafundisho. Akasema "subiri," akatazama ziwa, na safari ile jibu halikuja.

Kisha watu wakaanza tena kuondoka. Mmoja aliaga baada ya miaka mitano, mwingine baada ya saba, na mwezi uliofuata wawili kwa pamoja. Bwana Sarath aliwaita mmoja mmoja kuwauliza sababu, nami nilitafsiri. Walisema miguu inauma, watoto ni wadogo, kuna biashara Buzuruga. Hakuna aliyesema uongo kamili. Lakini miguu yao ilikuwa inauma tangu zamani, na watoto walikuwa wakikua.

Katikati ya hayo alifariki mama mzazi wa Mama Kulwa. Sote tulimjua kikongwe yule. Mara mbili tatu kwa mwaka alikuja kutoka kijijini kwake, jirani na Bujora, akipanda ngazi zetu kwa fimbo, na matobolwa yamefungwa kwenye kitambaa, viazi vile vilivyochemshwa na kukaushwa, akamgawia kila mtu kimoja huku akimgombeza bintiye kwa kukonda, bintiye ambaye hakuwahi kukonda. Kulikuwa na oda kubwa wiki ile, hivyo kiwanda kiliruhusu watu wawili tu kwenda kuzika: Bwana Deo na mimi. Bi Mwantumu alibaki. Pale msibani nilisikia wazee wakiuliza, "Watani wako wapi?" Kwa maana mtani ndiye anayekuja kwenye msiba na kuuvuruga. Anamwigiza marehemu alivyotembea na alivyonung'unika, anawazuia wachimba kaburi njiani, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio na kukumbuka kwamba wao wenyewe wangali hai. Mtani wa Mama Kulwa alikuwa Igogo, ameinamia wavu.

Alirudi kazini siku ya tisa. Niliona alivyosimama mlangoni, kanga nyeusi kichwani, akimtazama Bi Mwantumu. Sasa naelewa alikuwa anangoja. Bi Mwantumu aliinuka, akatazama ukutani kwenye karatasi yangu, akamtazama Bwana Deo, akaja na kumpa mwenzake mkono. "Pole sana kwa msiba, Mama Kulwa," alisema. "Mungu amlaze mahali pema." Mama Kulwa akasema, "Asante, dada." Wakakaa kwenye mikeka yao kama abiria wasiojuana.

Siku ya Ijumaa ya wiki hiyo Mama Kulwa aliomba kuonana na meneja. Aliketi kwenye ncha ya kiti, mikono mapajani, nami nikasimama kati yao kutafsiri.

"Mwambie naacha kazi Jumatatu jioni," alisema. "Kuna kiwanda cha minofu ya samaki wanataka watu. Wenzangu sita tutakwenda wote."

Nilitafsiri. Bwana Sarath alikunja mikono, akauliza kwa nini.

"Mwambie nimechoka kukaa na maiti. Nimetoka kuzika maiti mmoja, nimekuta hamsini wamekaa kwenye mikeka. Nimefiwa na mama, Leti. Mtani wangu kanipa pole kama mtu wa serikali! Kama ananichukia angenitukana, ningejua. Hapa kalatasi imekataza utani. Mahali walikokataza utani, wamekataza watu. Mwambie hivyo."

Bwana Sarath alinitazama, akingoja. Nililiona neno langu limesimama katikati ya chumba kile. Nilijua, kwa mara ya kwanza na kwa ukamilifu, kwamba hakuwahi kulisema. Na nilijua kwamba niliajiriwa na kupandishwa kwa sababu ya Kiingereza changu, na kwamba karani asiyejua kutafsiri kuna wasichana mia moja wa kumrithi. Nikasema kwa Kiingereza: "Anasema amechoka kwa sababu ya msiba. Anahitaji kubadilisha mazingira."

Mama Kulwa hakujua Kiingereza, lakini alijua urefu wa maneno. "Fupi hivyo?" aliniuliza. Bwana Sarath alimpa pole, akasema kiwanda hakiwezi kumshikilia mtu mwenye huzuni, na kwamba kwake itakuwa kama kupoteza mwalimu. Mama Kulwa aliondoka bila kunitazama.

Nimesoma mengi juu ya uongo tangu siku ile, na najua kuna wanaougawa katika madaraja. Wangu ulikuwa wa daraja la kawaida kabisa, ule wa mfanyakazi anayelinda kiti chake. Jumamosi na Jumapili sikula vizuri. Nilikuwa nimepanga chumba Mabatini, kwenye mawe, na mwenye nyumba wangu, Mama Grace, alinikuta uani nikiosha sufuria moja kwa muda mrefu. "Hiyo imetakata tangu juzi, binti," alisema. "Kama ni mwanaume, mwache. Kama ni kazi, kaseme." Jumatatu nilifika kiwandani kabla ya walinzi kubadilishana zamu, nikangoja mlangoni kwa Bwana Sarath nikiwa na kamusi mkononi.

Nilimwambia yote mawili: neno nililoongeza, na maneno niliyopunguza Ijumaa. Nilimwonyesha ukurasa wa kamusi. Nilijaribu kumweleza utani ni nini, na Kiingereza changu kikanyong'onyea. Nikasema ni matusi yenye ruhusa. Akauliza nani anatoa ruhusa. Nikasema babu zetu, na babu za babu zetu, waliosafiri pamoja au waliopigana wakapatana. Akauliza kama anayetukanwa anaumia. Nikasema anaumia asipotukanwa.

Alikunja mikono. Nilihesabu maswali yake matano pamoja naye, kisha nikahesabu tena. Nilikuwa na hakika ya kufukuzwa.

"Nilitundika ukutani maneno nisiyoweza kuyasoma," alisema hatimaye, "halafu nikashangaa yanasema nini. Hilo ni langu. Uongo wa Ijumaa ni wako. Lakini karatasi iliwekwa mbele ya watu hamsini, kwa hiyo huwezi kuisahihisha mbele yangu peke yangu. Twende."

"Sasa hivi?"

"Anaondoka leo jioni," alisema. "Swali la pili ni wakati."

Tulipanda. Alivua viatu, nikavua vyangu. Bwana Deo alituona akaanza kuinua kidole kwa mazoea, kisha akakishusha. Nilisimama chini ya karatasi na kusema kwa sauti ambayo mwanzoni ilikuwa ndogo. Nilisema Bwana Sarath hakukataza utani. Alisema viongozi wasidanganye, wasigombanishe, wasitukane, wasipoteze muda wa watu kwa maneno matupu. Mimi ndiye niliyeyachukua ya viongozi nikawabebesha wote, na neno utani nililiongeza mwenyewe kwa sababu lilikuwa kwenye kamusi. Nikasema Ijumaa Mama Kulwa alitoa sababu yake ya kuondoka nami nikaificha ili nisifukuzwe. "Shikamoo, Mama Kulwa," nilisema, kwa kuwa sikujua la kusema baada ya hapo. "Nisamehe."

Hakuitikia. Wanawake walimtazama yeye, kisha Bwana Sarath, ambaye alikuwa amekaa sakafuni kwenye mkeka wa mmoja wa walioondoka. Nilitoa kalamu nikakata neno lile, na kwa kuwa karatasi ilikuwa imelainika kwa unyevu wa ziwa, ikachanika. Hakuna aliyecheka.

Ndipo Bi Mwantumu alipoinuka. Alijifunga kanga yake chini ya kwapa kama wanavyojifunga vikongwe wa Kisesa, akachukua ufito wa kutundikia nyavu akaufanya fimbo, akainama mpaka mgongo ukawa upinde. Akatoka nje ya mlango. Tukasikia fimbo kwenye ngazi, ngo, ngo, ikipanda. Akaingia akihema, na haikuwa Bi Mwantumu tena. Alikuwa kikongwe yule aliyezikwa, midomo yake iliyokunjwa, jicho lake moja la kushuku. Alipita kati ya mikeka akimgawia kila mtu kiazi kisichokuwapo. "Nawe chukua. Nawe chukua. Wewe Mzaramo usichukue viwili, nawafahamu." Alipofika kwa Mama Kulwa alisimama, akamtazama toka kichwani hadi miguuni, akapiga fimbo chini. "Mwanangu amekonda!" alilia kwa lafudhi ya Kisukuma kitupu. "Wamemfanyaje? Mwanangu amebaki mifupa! Nyie wenye kiwanda, mnamlisha nyavu?"

Mama Kulwa alijifunika uso kwa wavu wake. Mabega yake yalitikisika, na kwa muda mrefu hatukujua ni nini kinachotoka mle ndani, mpaka sauti ilipovunjika na tukasikia kilio na kicheko vimeshikana, na chumba kizima kikafuata. Wengine walilala chali. Bwana Deo aligeukia dirishani akifuta macho kwa mkono wa shati. Bwana Sarath aliniuliza kwa sauti ya chini kama yule mama anamdhihaki marehemu. Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Na huo ni upole?" Nikamwambia atazame mwenyewe. Akatazama.

Ilipotulia, Mama Kulwa alitoa uso kwenye wavu. Macho yalikuwa mekundu. Alimtazama Bi Mwantumu, ambaye bado alikuwa ameinama na fimbo yake.

"Miezi mitatu," alisema. "Miezi mitatu umenikalia kimya, Mzaramo, kisha unanifufulia mama yangu na kumtia sura mbaya namna hiyo. Mama yangu alikuwa mzuri."

"Mzuri wapi? Si ulimrithi wewe!"

"Leti!" Mama Kulwa alinigeukia, na ile ndiyo mara ya kwanza kunitazama tangu Ijumaa. "Mwambie Bwana Subiri. Mimi siendi popote mpaka nimzike huyu mwanamke. Nitamchimbia kaburi fupi, nimkunje kama robota, na siku hiyo nitacheka mpaka nikojoe. Mwambie yote. Usifupishe."

Nilimgeukia Bwana Sarath nikamtafsiria neno kwa neno, pamoja na kaburi fupi, pamoja na robota, pamoja na la mwisho, ambalo lilinitoa jasho. Wale wenzake sita walikuwa wananitazama mimi na kumtazama yeye. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa.

"Hiyo ni laana," aliuliza, "au ni ahadi kwamba anabaki?"

Nilimwuliza Mama Kulwa. Alikuwa ameshalipata jicho lililokatika, ameliinua kwenye mwanga, uzi mdomoni.

"Mwambie anyamaze," alisema. "Watu wanafanya kazi."